Mpiga Tumba Aliyeshika Gitaa

Lubumbashi, tarehe 21 Aprili 1974

Honorine mpenzi,

Najua serikali imeshayafuta majina ya kizungu, na juu ya bahasha nimekuita mwananchi, Citoyenne Mulenga Mwaba, kama sheria inavyotaka. Lakini ndani ya bahasha tuko wawili tu, kwa hiyo nitakuita ninavyopenda.

Nina habari na nimeshindwa kuikalia. Tunakuja kwenu Kilwa, kando ya ziwa. Wakubwa wa chama huko kwenu wanataka orchestra kwa ajili ya sikukuu ya tarehe ishirini Mei, na wamechagua Mukuba, yaani sisi. Tutapanda lori la samaki linalorudi tupu, na Rigobert ameshaanza kulalamika kwamba gitaa lake litanuka mpaka Krismasi. Nani atamwambia kwamba kiongozi wa orchestra naye ni mtu wa kupanda lori? Faustin, yule wetu wa kutikisa marakasi, hasemi kitu. Yeye ni mtu mzima mwenye wajukuu na hakuna barabara isiyomchosha.

Mimi nina furaha ambayo naona haya kuiandika. Tangu kaka yangu, Yaya Nasoro, alipokwenda kwenu kupeleka neno la posa, sijalala vizuri. Baba yako alimjibu kwa heshima, alisema dini mbili si tatizo kwake kama watu wenyewe wana akili, ila hatatoa jibu mpaka amwone kijana kwa macho. Haya, sasa ataniona. Atanisikia pia, na hilo ndilo ninalolitaka zaidi, maana kwa sura mimi si mtu wa kusafiria mbali.

Mchana nashona mikoba na Yaya Nasoro hapa mtaani Kenya kama kawaida. Jioni naenda mtaa wa Annexe, kwenye kiwanja cha nyumba yetu. Kuta zimefika magotini. Jirani mmoja amepanda mihogo katika chumba chetu cha kulala, nimemwacha mpaka avune.

Nijibu upesi.

Sumaili wako


Kilwa, tarehe 29 Aprili 1974

Sumaili wangu,

Dereva wa lori aliniletea barua yako darasani. Nilifurahi mpaka watoto wakaniuliza kama shule inafungwa. Kisha nikakumbuka jambo moja, na furaha yote ikaniishia.

Tafadhali kaa kwanza. Baba anajua kwamba unapiga gitaa.

Usikunje uso, nisikilize. Siku ile Yaya Nasoro alipoondoka, baba alivua miwani akaniuliza: «Ule bwana yako anapigaka nini mu orchestre?» Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema tumba. Shangazi Martine alikuwa anachambua mchele pale pale, akanitangulia: «Kama iko wa ngoma, basi tufunge mulango. Bale ba ngoma banakaaka kule nyuma. Hata jina yabo bantu habaijue.» Baba hakusema kitu. Sasa wewe hujamzoea baba. Alikuwa kapita, yaani mnyapara, kwenye kampuni ya madini, alisimamia watu wengi, na hata leo kwenda sokoni tu lazima suruali ipigwe pasi. Kimya chake kilinitisha kuliko maneno ya shangazi. Nikasema: «Guitare, baba.» Lilitoka lenyewe. Akasema tu, «Ah, guitare,» akavaa miwani, akarudi kwenye gazeti lake.

Tangu siku hiyo nimekosa njia ya kulirudisha. Kila nikijaribu namwona Shangazi Martine amekaa pale na ungo wake.

Kwa hiyo nakuomba kitu, na najua si kidogo. Siku hiyo moja shika gitaa. Huna haja ya kulipiga, lishike tu, simama mbele pamoja na Rigobert. Tumba mpe mtu mwingine. Baba akuone, atoe jibu lake, tufunge ndoa, na baadaye ukishakuwa mtoto wa nyumbani tutamweleza polepole. Mtu hafukuzi mkwe kwa sababu ya ngoma.

Usinikasirikie. Nilitaka tu wakupende kama ninavyokupenda.

Honorine wako


Lubumbashi, tarehe 6 Mei 1974

Honorine,

Sikukasirika. Niliumia, na hicho ni kitu kingine, lakini maumivu yamepungua.

Sijui kama umewahi kuelewa ninachokifanya pale nyuma. Mara ya kwanza kuonana, kwenye harusi ya yule rafiki yako wa chuo cha ualimu, ulikuwa unacheza, na mtu anayecheza vizuri hana sababu ya kugeuka kumtazama mpigaji. Ndivyo inavyotakiwa. Waimbaji wakimaliza maneno yao, kuna mahali wimbo unageuka na kuingia kwenye sebene, pale gitaa zinapoachiwa na hata wazee wanainuka vitini. Watu wote wanadhani ni Rigobert anayegeuza. Rigobert ananisubiri mimi. Mimi naita kwa tumba, yeye anaingia, na mchezaji anabadilisha mguu bila kujua nani kamwambia. Nikichelewa, kila mtu anabaki na mguu hewani. Kwa hiyo shangazi yako anasema kweli, jina langu hawalijui. Miguu yao ndiyo inayonijua.

Haya, nimemaliza kujisifu. Nitashika hilo gitaa.

Nilimwambia Rigobert, akacheka mpaka akakohoa. «Weye unataka kuwa guitariste siku moja juu ya mwanamuke? Sawa. Lakini usiguse hata corde moja, utaniharibia musique.» Atanipa lile gitaa la zamani ambalo halina waya wa umeme. Tumba atapiga Faustin. Hakutaka. Alinitazama kwa huruma, akasema: «Miye sijue kuita sebene, Sumaili. Miye najua kufuata tu.» Nikamwambia ni alasiri moja, na Kilwa si Kinshasa, nani atajua. Mwishowe akakubali kwa sababu yeye ni mtu wa kukubali.

Nimeazima koti kwa Yaya Nasoro. Linanibana kwapani, lakini mpiga gitaa lazima apendeze.

Tutaonana tarehe ishirini.

Sumaili


Kasenga, tarehe 22 Mei 1974

Kwa Baba Mulenga, Kilwa

Baba yangu,

Lori letu limeharibika hapa njiani tukirudi mjini, na nimepata karatasi kwa muuza duka. Sitaki kufika nyumbani kabla sijakuandikia.

Mimi ndiye niliyesimama mbele yako juzi na gitaa ambalo sijui kulipiga. Kazi yangu katika orchestra ni tumba, tangu nikiwa kijana mdogo. Nilimwachia mwenzangu ngoma ili nionekane mbele, na kwa ajili hiyo sikukuu ya mji wako iliharibika na wewe mwenyewe ukaondoka uwanjani kwa aibu. Hilo wazo lilikuwa langu. Binti yako hakujua lolote mpaka aliponiona jukwaani. Nakuomba usimlaumu. Kama kuna hasira, nielekezee mimi.

Naomba msamaha kwa unyenyekevu. Bado namwomba Honorine awe mke wangu, ingawa najua leo sistahili kuomba.

Mimi mtoto wako, kama utakubali,

Sumaili


Kilwa, tarehe 24 Mei 1974

Sumaili,

Umeondoka bila kuniaga na sikulaumu. Hata ungekuja, shangazi alikuwa amekaa mlangoni.

Pale jukwaani ulikuwa umeinamisha macho muda wote, kwa hiyo nikueleze yaliyotokea upande wetu. Kuna kitu sikuwahi kukwambia, kwa sababu hukuniuliza na mimi sikuona kama kina maana: baba ni mchezaji. Zamani, kwenye cercle, ule ukumbi wa dansi wa kambi ya kampuni, watu walikuwa wanasogeza viti akiingia. Mama alimpendea miguu. Tangu mama afariki sijamwona akicheza, lakini siku ile alivaa viatu vyake vyeusi, akavipiga kiwi mpaka nikajiona ndani yake, na wimbo wa kwanza ulipoanza akampa Shangazi Martine mkono. Uwanja mzima ulimtazama. Nilidhani nitakufa kwa furaha.

Basi ngoma ya Faustin ilikuwa inalia kama mtu anayepiga godoro. Wewe kila mara unaipasha ngozi moto kwenye mbabula ya makaa kabla ya kuanza, na hapa kwetu ziwa linaleta unyevu, lakini hakuna aliyemkumbusha. Hilo watu wangelivumilia. Kilichowashinda ni pale wimbo ulipogeuka. Rigobert aliingia kwenye sebene bila kuitwa, waimbaji wakiwa bado na maneno mdomoni, Faustin akaja nyuma yao, na watu wakagongana. Baba alibaki ameinua mguu mmoja, amemshika shangazi begani asianguke. Shangazi akasema kwa sauti: «Yaya, shusha muguu, bantu banatuangalia.» Mke wa mkubwa mmoja wa chama akacheka. Baba akajaribu tena wimbo wa pili, na ikawa hivyo hivyo. Kwenye wa tatu alimshika dada yake mkono wakaondoka, mgongo wake umenyooka.

Na wewe, Sumaili, vidole vyako vilikuwa vinapiga mbao ya lile gitaa. Nilikuona.

Ulipoliweka chini na kwenda kwenye tumba, baba alikuwa ameshatoka. Hakuna aliyebaki amekaa baada ya hapo. Hata yule mama aliyecheka alivua viatu. Watu wote walicheza isipokuwa mimi, nilisimama nyuma ya waalimu wenzangu nikalia.

Kesho yake wauza samaki walimwambia baba barabarani, kwa nia njema kabisa: «Tata Mulenga, mukwe yako anajua ngoma. Lakini guitare, hapana.» Akarudi nyumbani akasimama mbele yangu akasema neno moja tu: «Sema.» Nikasema yote. Kwamba uongo ulikuwa wangu tangu mwanzo na kwamba wewe nilikuomba kwa barua. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Usimwandikie lolote mpaka nikwambie.

Honorine


Kilwa, tarehe 14 Juni 1974

Citoyen Sumaili,

Barua yako kutoka Kasenga niliipokea. Iliposomwa hapa mezani, binti yangu alikuwa ameshaniambia kwamba lile shauri lilikuwa lake. Kwa hiyo umenidanganya mara mbili, mara ya kwanza kwa mikono, mara ya pili kwa kalamu. Naona mara ya pili ulidanganya kwa wema. Bado ni uongo.

Nitakwambia jambo ambalo nyote wawili mngelijua kama mngekuja kuniuliza badala ya kukisia. Niliposikia gitaa, nilisikitika. Nimecheza dansi muda mrefu wa maisha yangu, na wapiga gitaa nimewaona wengi. Wanatazama wanawake, wanatazama vidole vyao, wimbo ukiharibika wanamtazama mwingine. Nikasema moyoni, mtoto wangu ameangukia huko. Sikusema mbele yake kwa sababu alikuwa na furaha. Wapiga ngoma ni kitu kingine. Yule wa cercle yetu aliitwa Yuma, na mimi na marehemu mama yake Honorine hatukuwahi kukosea hatua akiwa ameketi pale. Yuma alipokufa tuliacha kwenda, tukasingizia uzee. Dada yangu Martine husema maneno mengi akichambua mchele. Binti yangu angepaswa kujua kwamba hayo si yangu.

Kwa hiyo ungekuja na ngoma yako, ningekupa jibu siku ile ile uwanjani.

Sasa sikiliza kwa nini sikupi. Uongo wa kijana anayetaka mke nimeusikia mwingi, na mimi mwenyewe nilimwambia baba mkwe wangu kwamba sinywi pombe. Huo nimeusamehe. Lakini watu wa mji huu walivaa nguo zao nzuri wakaja kucheza, na wewe ukawaona wanajikwaa, wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukaendelea kushika ubao. Ulikuwa unajua dawa na ulikuwa umesimama karibu nayo. Siku nyumba yako itakapojikwaa, utakuwa umeshika nini? Dada yangu na mimi tulikuwa tumefika kwenye kona ya kanisa uliporudi kwenye ngoma. Martine alisimama akaanza kutingisha mabega pale barabarani. Mimi sikusimama. Nilitaka, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Usimtume tena ndugu yako Nasoro. Yeye ni mtu wa heshima na sipendi kumrudisha mikono mitupu mara ya pili.

Mulenga


Lubumbashi, tarehe 7 Julai 1974

Honorine mpenzi,

Barua ya baba yako nimeisoma, nikampa Yaya Nasoro aisome. Aliposema, «Huyu muzee iko na kweli,» nilitaka kumrushia sindano. Kisha nikakaa nayo siku kadhaa na sikupata mahali pa kumbishia. Barua yako ya Mei ilinikuta huku nimeshaituma ile ya Kasenga. Nilitaka kukukinga, na nimezidi kutuzamisha.

Ngoja nikupe habari ambayo ingekuwa nzuri wakati mwingine. Rigobert anasema pale Kilwa, kabla mambo hayajaharibika, watu walinitazama vizuri nikiwa mbele. Sasa anataka mtu wa kusimama na waimbaji, aite majina ya watu, awachangamshe wachezaji. Orchestra za Kinshasa zote zinafanya hivyo. Alinishonea abacost ya rangi ya udongo, lile koti lisilovaliwa na tai, akanionyesha kipaza sauti. «Jina yako itaandikwa ku disque,» akasema. «Muzee wa Kilwa atafurahi.» Nikamuuliza tumba atapiga nani. Akasema tutatafuta. Nilimrudishia abacost yake. Haikuwa ushujaa. Nilivyosikia lile neno, tutatafuta, nikaona wazi uwanja wa Kilwa.

Kwa hiyo nimerudi nyuma, mahali pangu. Baridi ya Julai inakaza ngozi vizuri na tumba inalia kuliko siku zote, lakini nikimaliza sina mtu wa kumwambia. Faustin amerudi kwenye marakasi. Amenuna tangu safari ile, hatusemeshani sana, atapoa tu.

Annexe sijaenda. Kuta zimefika madirishani na nimeziacha hapo. Yule jirani ameshavuna mihogo, akanifuata hapa Kenya kuniuliza kama apande tena.

Sitamwandikia tena baba yako. Kila nikishika kalamu naharibu. Nakupenda, Honorine, na sijui kufanya zaidi ya kupiga ninachojua kukipiga.

Sumaili


Kilwa, tarehe 24 Julai 1974

Sumaili wangu,

Nimekataa chakula siku mbili. Baba alikula sehemu yake na sehemu yangu, ndipo nikaona kwamba njia hiyo haifai.

Basi nilimsomea barua zako, na mwisho ile ya abacost. Najua sikukuomba ruhusa. Alisikiliza, akaniambia nirudie pale uliposema habari ya tumba atapiga nani. Nikarudia. Akauliza: «Na ule mwengine? Ule aliyepigaka siku ile?» Nikamwambia Faustin amenuna na atapoa. Akatoka nje.

Kesho yake akasema anasafiri kwenda Pweto kununua nyavu. Sasa Sumaili, tangu astaafu baba hajavua hata dagaa mmoja. Amepanda lori la alfajiri. Amechukua viatu vyake vyeusi na kopo la kiwi, na sijui huko Pweto nyavu zinanunuliwa na watu waliovaa vipi. Sikumuuliza. Shangazi naye kwa mara ya kwanza hajui chochote, na amekasirika na mji mzima.

Mimi nitakusubiri. Nimemwambia baba wazi kwamba sitaolewa na mwingine, si kwa ubishi, ni kwa sababu sijamwona. Rudi Annexe. Mwambie jirani kiwanja hakina nafasi ya mihogo.

Honorine wako


Lubumbashi, tarehe 4 Agosti 1974

Kwa mkwe wangu Sumaili,

Usishangae kwamba barua hii imetoka mtaa wa pili na wewe. Nimefikia kwa mpwa wangu hapa Kenya na narudi Kilwa kesho. Binti yangu anadhani niko Pweto. Naomba umwache adhani hivyo mpaka nifike nimwambie mwenyewe. Najua nakuomba uongo. Ni mdogo, na ni wa mwisho katika familia hii.

Jumapili iliyopita alasiri nilikuja baa mnakopiga. Nilikaa nyuma ya nguzo, na sikuja kukutazama, nilikuja kusikiliza. Wimbo wa kwanza nilikaa. Wa pili nilimwomba mama mmoja, mke wa fundi wa reli, anipe mkono. Nilikuwa nimeogopa, sikufichi. Magoti yangu yalikuwa yanakumbuka uwanja wa Kilwa. Wimbo ulipokaribia kugeuka nilifunga macho nikasubiri aibu yangu, na wewe ukaita, na mguu wangu ukashuka chini mahali pake. Nililia kidogo. Yule mama alidhani nimemkumbuka marehemu, na alikuwa sahihi. Tulicheza mpaka mwisho. Hukuinua kichwa hata mara moja kuona ni nani anacheza, na hilo lilinipendeza sana.

Mlipopumzika wewe ulitoka nje na tumba zako kuzipasha moto. Mimi nikaenda kuzungumza na Faustin. Alikuwa amekaa peke yake na marakasi yake mapajani. Sikumwambia mimi ni nani, lakini alinitambua mara moja. Alisimama, mtu mwenye wajukuu, akaniomba radhi kwa ajili ya Kilwa. Alisema: «Tata, miye nilibaambia sijue. Habakunisikia.» Nikamuuliza kama kuna aliyekuja kumwomba radhi yeye. Badala ya kujibu akakusifu, akasema unapiga vizuri.

Nimezisoma barua zote, mwanangu, ile yako kwangu na zile alizonisomea Honorine. Kila mmoja wenu amemlilia mwenzake, na mmenililia mimi. Mlimtwika mtu mnyonge kazi aliyowaambia haiwezi, akachekwa na mji mzima kwa ajili ya ndoa yenu, na katika karatasi zote hizo mmeandika tu kwamba amenuna na atapoa. Nami pia nilikuandikia barua ndefu ya hasira juu ya miguu yangu, jina lake sikulitaja. Niliona haya pale mbele yake. Nataka na wewe uone haya, kisha uamke ufanye kitu.

Jibu langu ni ndiyo. Mtume Nasoro, nitampokea kwa mikono miwili, na mambo ya mahari sitayafanya magumu. Malizia nyumba yako.

Lakini bwana harusi hukaa kwenye kiti siku yake. Hatagusa ngoma, na watu wa kucheza watakuwepo, na mimi nitakuwa wa kwanza. Siku hiyo tumba atapiga Faustin. Nimeshamwambia, na ameogopa sana. Mfundishe. Mkalishe karibu na wewe kila jioni baada ya kazi, mwonyeshe kupasha ngozi, mwonyeshe kuita, na usimharakishe, kwa sababu yeye ni mtu wa kukubali na atakwambia ameelewa kabla hajaelewa.

Tarehe ya harusi usiniandikie wewe, wala Honorine. Nimemwachia Faustin anwani yangu. Siku atakapoona anaweza, ataniandikia yeye.

Baba yako,
Mulenga